Sifuti Mpangilio wa Zamani

Sifuti. Hilo ndilo nililomwandikia kiongozi wa mradi wetu, aliyekuwa ameketi huko Ulaya kwenye kiti chake cha kuzunguka, mahali pakavu, na bila shaka ana kahawa mkononi. Nikabonyeza kutuma. Mtandao ukakata. Jibu langu likabaki kwenye kioo halijaenda popote, na mimi nikabaki huku Ikolo, Kyela, naitukana mvua.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata mume wangu akiulizwa mkewe anafanya nini hujibu "mambo ya kompyuta" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa familia. Programu inapofanya kazi, vitu vyake vyote, majina, orodha, hesabu, hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine kama tarakimu zilizopangwa mstari mrefu usioeleweka. Programu ikileta matatizo, fundi huisimamisha kwa chombo tunachokiita dibaga, akachungulia ndani. Akichungulia bila msaada ataona tarakimu tu mpaka macho yamtoke. Ndiyo maana ndani ya dibaga kuna programu ndogo ndogo za kumsomea: bwana, hii ni orodha, ina vitu hivi na hivi, hili ni jina la mtu. Wenzangu wana neno lao la Kiingereza. Mimi naziita vifasiri. Kuvilea hivyo vifasiri ndiyo kazi yangu. Mradi ni wa watu wote, kila atakaye anautumia, ila kuna kampuni ndogo ya nje iliyonipa mkataba niwe mlezi wa sehemu hiyo.

Kifasiri hakina akili. Kinajua tu nini kimewekwa wapi. Sasa wale wanaotunza maktaba sanifu, yaani vile vifaa vya msingi ambavyo kila programu huviazima badala ya kujitengenezea, wakaamua kubadili mpangilio. Zamani urefu wa orodha na anwani ya vitu vyake vilifungwa pamoja kwenye kifurushi kimoja. Wao wakakifungua, kila kitu kikae peke yake. Sababu zao zilikuwa nzuri, siwalaumu. Lakini ni kama mama mkwe apange jiko upya wakati wewe uko shambani. Unarudi na njaa yako, unanyoosha mkono palipokuwa na chumvi, unachota magadi, unatia kwenye samaki. Mkono haukukosea, umekwenda pale pale ulipozoea.

Vifasiri vyangu vilifanya hivyo hivyo. Vilinyoosha mkono palipokuwa na urefu wa orodha, vikakuta sifuri, vikasema: tupu. Orodha imejaa, vyenyewe vinasema tupu. Kama vingelia, vikasema jamani hapa hatuelewi, ningeshukuru. Lakini kudanganya kwa sauti ya upole namna ile, loh!

Kuna fundi mmoja wa nchi nyingine, anatengeneza programu ya kuendesha pampu za umwagiliaji, alituandikia malalamiko. Programu yake ilikuwa inakufa ovyo. Akaifungua kwa dibaga, kifasiri changu kikamwambia orodha ya amri za pampu ni tupu. Basi akahangaika kumtafuta aliyeimwaga hiyo orodha. Akagombana na mwenzake. Akatilia shaka msimbo, yaani maandishi ya programu yake mwenyewe, uliokuwa safi. Na orodha ilikuwa imejaa muda wote, ugonjwa uko kwingine kabisa. Mwisho wa ujumbe wake aliandika kwamba heri asingekuwa na kifasiri chochote kuliko kuwa na hiki. Nilisoma, masikio yakawaka moto.

Kiongozi wa mradi alikuwa na dawa yake. Tuandike vifasiri kwa ajili ya mpangilio mpya peke yake, wa zamani tuufute. Mwenye programu ya zamani aijenge upya, akitaka. Na kama haiwezekani kabla toleo jipya halijafungwa, basi tufute vifasiri vyote vya orodha, watu wasome tarakimu wenyewe. Jambo litaamuliwa kwenye kikao cha Ijumaa. Na mradi wetu una sheria moja inayonichefua mpaka leo: asiyesema kikaoni amekubali.

Sasa hapo ndipo penye roho yangu. Vifasiri vikifutwa, mlezi wao anabaki mlezi wa nini? Mkataba unakwisha hapo hapo. Na hii kazi sikuipata kwa sababu baba yangu anamjua fulani au mume wangu ameniombea. Niliipata kwa kutuma kiraka baada ya kiraka, yaani marekebisho ya programu yao, wakanikatalia, nikarekebisha, nikatuma tena, mpaka wakachoka kunikatalia. Katika kila kitu nilichokuwa nacho pale Ikolo, kuanzia sufuria mpaka kitanda, hicho peke yake ndicho ningeweza kusema ni changu. Nikasema thubutu. Kwenye kikao cha Ijumaa nitakuwepo, na nitasema.

Kusema ni rahisi. Kushika mtandao Ikolo wakati wa masika ndiyo kazi.

Ninaishi kwa wakwe zangu. Mume wangu yuko Kasumulu, mpakani, anashughulikia makaratasi ya malori, anakuja Jumapili akiweza. Nyumba yangu ni ile ndogo ya nyuma, iliyo chini kidogo, imezungukwa na migomba pande zote, na mtandao ukifika kwenye ile migomba unageuka kurudi ulikotoka. Panaposhika vizuri ni mahali pamoja tu, kwenye baraza ya nyumba kubwa, upande wa barabara. Wageni wote hupigia simu pale. Na pale, kuanzia asubuhi mpaka giza, anakaa baba mkwe na redio yake.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akipita njia hii, wewe unaingia migombani. Jina lake hulitaji. Kiti chake hukikalii. Mimi ni mtoto wa Talatala, hapa hapa Kyela, si mgeni, nilijua ninakoolewa. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, na mchungaji wetu alishahubiri kwamba mambo ya kujifichana yamepitwa na wakati. Baba mkwe aliitikia amina kubwa, kanisa zima likasikia. Kisha akarudi nyumbani, akafika kwenye uzio, akakohoa ili nikajifiche.

Kwa hiyo tangu niolewe nilikuwa namjua kwa kikohozi chake, kwa redio yake, na kwa maneno aliyoyaleta mama mkwe. Baba anasema chumvi imezidi. Baba anasema taa yako inawaka mno. Baba anasema kokoa imeanikwa vibaya, ikusanywe. Ukisikia hivyo kila siku unamjengea mtu sura. Sura niliyomjengea mimi ilikuwa ya mzee mkali asiyenipenda, na kompyuta yangu haipendi zaidi.

Kabla ya mvua nilinunua antena kwa mzee mmoja wa Kyela mjini, mwenye duka la simu, mtu wa asili ya pwani anayekuita binti yangu hata ukiwa umemzidi kimo. Akaniambia iwekwe juu kabisa, pasipo na miti. Juu kabisa kwetu ni paa la nyumba kubwa. Nikamwomba mama mkwe aniombee ruhusa. Akaenda, nikamsikia anaongea, redio ikapunguzwa, baba mkwe akasema maneno kadhaa nisiyoyasikia vizuri. Mama akarudi anajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba amekataa."

"Amesemaje, mama?"

"Si nimekwambia amekataa? Unataka nikuimbie?"

Nilifura, lakini ningefanya nini? Antena ikaingia chini ya kitanda. Nikawa napanda bodaboda kila asubuhi kwenda mjini, yule mzee wa duka akanipa meza nyuma, kati ya maboksi ya chaja, nikafanya kazi hapo, hata chai akininunulia. Mpango haukuwa mbaya. Kisha masika yakaja kama yanavyokuja kwetu, mito ikajaa, mashamba ya mpunga yakawa ziwa, na barabara ya Ikolo ikazama. Bodaboda wakagoma, nami siwalaumu. Wiki ya kikao ndiyo wiki niliyofungiwa nyumbani.

Nilimpigia mume wangu, nikiwa nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, maana hapo simu ya kuongea hushika kidogo. Mama mkwe akinikuta juu ya kinu ananikemea, lakini siku hiyo alikuwa shambani.

"Si uache tu hiyo moja?" akasema. "Utapata nyingine. Tutahamia Mbeya, kuna mtandao mzuri, utatafuta kwa raha."

"Nyingine ipi? Hizi kazi zinaota kama uyoga?"

"Basi usinikaripie, mama watoto."

Watoto hatuna bado. Huniita hivyo akitaka kunituliza. Nikamwambia sihami, na kazi siachi, na kama anataka kunisaidia aombe mvua ikatike. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kuandika kiraka chenyewe hakukuhitaji mtandao, kulihitaji jeuri tu, na hiyo ninayo. Nilikaa chumbani, mvua inapiga bati mpaka hujisikii ukifikiri, nikaandika vifasiri vinavyojua mipangilio yote miwili. Swali gumu ni moja: kifasiri kitajuaje kinachotazama ni cha zamani au kipya? Wengi huuliza namba ya toleo. Namba inadanganya, kwa sababu kuna wasambazaji wanaochukua kitu kipya wakakipandikiza kwenye toleo la zamani bila kugusa namba, na kinyume chake. Mimi nikasema tusiulize namba, tuangalie umbo lenyewe. Kile kifurushi cha zamani kipo? Soma kizamani. Hakipo? Soma kipya. Hakieleweki? Sema hakieleweki, usiseme tupu! Hiyo ya mwisho niliiandika na hasira zangu zote, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Majaribio yote yakapita kwenye mashine yangu. Ijumaa ikafika. Mchana, kwa saa zao ni asubuhi, kikao kinaanza. Nikajaribu chumbani: hakuna. Nikajaribu juu ya kinu: simu ya sauti tu, mtandao hakuna. Nikaangalia upande wa baraza. Redio ilikuwa inaongea bei za mazao.

Potelea mbali, nikasema. Nikajifunga kanga ya pili, ya kufunika kichwa, nikaitia kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, mfuko nikauweka kwenye beseni, beseni nikajitwisha. Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Unakwenda wapi na beseni kwenye mvua?"

"Barazani."

Kisu kikasimama. "Baba yupo!"

"Najua yupo, mama."

"Wee! Umerukwa na akili?"

"Bado. Nikikosa hiki kikao ndipo nitarukwa."

Nikasikia nyuma yangu akimwita Yesu wake. Sikugeuka. Nilipofika kwenye kona ya nyumba, kabla ya kumwona, nikasimama nikafanya jambo ambalo sijui kama mkamwana yeyote wa Ikolo amewahi kulifanya. Nikakohoa.

Mimi! Ndiye niliyemkoholea baba mkwe, apishe.

Redio ikaendelea na bei ya mpunga. Nikakohoa tena, sasa kikohozi cha mtu mwenye nyumba. Hakunyanyuka, sikusikia hata kiti kulia. Basi na mimi sikurudi. Nikashusha kanga mpaka kwenye nyusi, nikapanda baraza kinyumenyume, uso nimeuelekeza uani, nikakaa chini upande wa pili wa nguzo, mgongo kwake. Turubai la kokoa lilikuwa mbele yangu limekunjwa, kuku wamejibanza chini yake. Nikafungua kompyuta.

Mtandao ulishika, lakini kidogo. Sauti za kikaoni zilikuja zimekatika katika kama mtu anayeongea huku anatafuna. Nikasikia jina la vifasiri vyangu. Nikasikia kiongozi akisema kwa Kiingereza chake cha pole pole kwamba jambo ni dogo, tusipoteze muda, je, kuna anayepinga?

"Mimi!" nikapiga kelele.

Hawakunisikia. Nikaona midomo yao inaendelea. Nikapiga kelele tena, kuku wakatoka chini ya turubai. Kioo kikaganda, kiongozi akiwa na mdomo wazi. Nilitaka kulia, na naapa si kwa huzuni.

Hapo redio ikazimwa. Redio ile haizimwi. Huzimwa wakati wa sala ya chakula na wakati wa msiba. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa juu ya sakafu, taratibu, kutoka pale kilipokuwa, kikaenda, kikaenda, mpaka mwisho kabisa wa baraza. Nikaelewa: ananipisha mahali panaposhika. Nikasogea kwa makalio, kinyumenyume, bila kugeuza shingo, mpaka kwenye alama za miguu ya kiti. Mkeka mdogo aliokuwa akiwekea miguu ulikuwa bado una joto. Kioo kikaamka.

"Ninapinga," nikasema. "Mnanisikia? Ninapinga."

Wakanisikia. Kiongozi akauliza sababu, nikampa. Nikamwambia: unasema mwenye programu ya zamani aijenge upya. Kuna watu, kama fundi wa pampu, hawana programu ya kujenga upya, wana maiti. Programu ikifa huacha picha ya kumbukumbu yake, vile ilivyokuwa wakati inakata roho, na mpangilio wake ni ule iliokufa nao. Maiti haijengwi upya! Unaifungua, unatazama ndani ilikuwa na nini, ndipo unajua imekufa kwa nini. Mkifuta mpangilio wa zamani, mmewafungia watu wote wenye maiti wa zamani. Wataona tupu, au wataona takataka, na watalaumu msimbo wao usio na kosa. Nilikuwa nimesahau nilipo. Nilikuwa naongea kwa mikono.

Mmoja wao akatabasamu. Kiongozi hakutabasamu.

"Sawa," akasema. "Picha ya fundi wa pampu tunayo. Ifungue kwa vifasiri vyako. Tuonyeshe sasa hivi."

Ile picha nilikuwa nayo tangu tuliposikia malalamiko, ila sikuwahi kuijaribu kwa toleo la mwisho la kiraka changu. Nikawaonyesha kioo changu. Nikafungua. Nikaita kifasiri kisome orodha ya amri za pampu.

Tupu.

Mvua tu. Kiongozi akapumua, akasema kwa upole uliozidi tusi, "Nadhani tumeona."

"Hamjaona kitu," nikamwambia. "Ngojeni."

"Tuna mambo mengine kwenye ratiba."

"Na hili limo kwenye ratiba. Ngojeni, nimesema!"

Sijui nilipata wapi ile sauti. Nadhani ni sauti ya mama yangu akimwambia mnunuzi wa kokoa kwamba mizani yake haiko sawa. Nikashuka kwenye msimbo, jasho linanitiririka chini ya kanga mbili. Kifasiri kisingeweza kusema tupu! Nilikikataza kusema tupu. Labda si kifasiri changu kilichosema. Nikafuata njia tangu mwanzo, mlango kwa mlango, na mlangoni kabisa, kabla hata ya kufika kwangu, nikamkuta mshenzi. Mstari mmoja wa zamani ambao sikuugusa, wa kuchagua kifasiri gani kiitwe, ulikuwa bado unauliza namba ya toleo. Namba ikajibu mimi ni ya zamani, kumbe ndani kumepandikizwa kipya. Maiti wa mpangilio mpya akapelekwa kwa kifasiri cha zamani, kile kile kilichomdanganya fundi, na changu hakikuitwa kabisa.

Nikaufuta. Nikaandika mahali pake: angalia umbo. Nikafungua ile picha upya.

Funga valvu ya kaskazini. Subiri. Washa pampu ya pili. Subiri. Mstari baada ya mstari, orodha ikashuka kwenye kioo, nzima, imejaa, kila amri mahali pake, kama ilivyokuwa kwenye ile programu siku inakufa. Na amri ya mwisho ilikuwa imekatwa katikati. Yule aliyetabasamu akasema, haa, kumbe ndiyo iliyoiua! Wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nani atatunza mipangilio miwili?" kiongozi akauliza mwishoni. "Ni kazi maradufu."

"Kwani ni nani anayeitunza sasa?"

"Itume," akasema. "Yote miwili ibaki. Na wewe ubaki."

Nikaituma pale pale, kabla mbingu haijabadili nia. Nikakaa natazama majaribio yanapita moja moja kwenye mashine zao za huko, kijani, kijani, kijani, mpaka ya mwisho. Nikafunga kompyuta. Ndipo nikakumbuka niko wapi, na nimekaa mkeka wa nani.

Nyuma yangu baba mkwe akakohoa. Nikainama, nikaanza kukusanya beseni langu nikimbie.

"Wewe nguzo," akasema.

Nikaganda. Sauti ile sikuwahi kuisikia karibu hivyo. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Wewe nguzo, muulize mkamwana. Huyo maiti wa kwenye mashine, alikuwa na kitu tumboni au hakuwa nacho?"

Nilikuwa nimesahau kwamba ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya shaba, Zambia, na Kiingereza anakijua. Kila neno nililomfokea yule kiongozi, alilisikia.

"Nguzo," nikasema, "mwambie baba alikuwa nacho. Alijaa tele."

"Nilijua," akasema. "Nilijua wanamsingizia." Kiti kikalia. Akaongeza kwa ile sauti ya mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema: "Na umkumbushe. Antena asipande nayo huku juu. Bati limeshika kutu na mbao zimeoza, ataanguka avunjike kiuno. Nilishamwambia, aiweke kule kwenye mnara wa tangi la maji. Kule ni imara na ni juu zaidi. Mbona mpaka leo hajaiweka?"

Nilikuwa nimekaa tu, macho kwenye turubai la kokoa, naihesabu upya kila "baba anasema" niliyowahi kuletewa jikoni.

Kwenye kona ya nyumba akatokea mama mkwe, kisu cha ndizi bado mkononi, anatazama chini asituone wote wawili pamoja.

"Baba amesema nini?" akaninong'oneza kwa ukali. "Eti? Amesema nini? Amekufukuza?"

Nikajitwisha beseni langu.

"Amesema antena niiweke kwenye mnara wa tangi."

"Hajasema hivyo!"

"Amesema, mama," nikamwambia. "Safari hii nilikuwepo."